Supachaja ya belti kwa Toyota 86 hapa Nakuru, nichukue seti gani?

Nax86, Nakuru

Wadau salaam. Niko na Toyota 86 ya 2014, manuali, ile injini ya FA20 lita mbili, huu ni mwaka wa tatu nayo na sina mpango wa kuiuza. Napenda vile inakata kona, usukani wake, vile umekaa chini karibu na lami, hiyo yote sitaki iguswe. Shida ni ikipanda mlima. Nikienda nyumbani Kisumu, nikishapita Salgaa nianze kupanda kuelekea Mau Summit, nikitaka kupita lori moja tu inabidi nishuke gia ya tatu na bado nahesabu sekunde huku naangalia kile kinachokuja mbele. Halafu kuna lile shimo la nguvu kati ya 3,500 na 4,500 rpm, kila mwenye hii gari analijua, mguu uko chini na gari ni kama imelala.

Nimekuwa nikiweka pesa pole pole tangu mwaka jana na nimeamua ni supachaja (pampu ya kusukumia injini hewa zaidi), na ni ile ya sentrifugali, ile imekaa kama konokono ya tabo (tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi) lakini inazungushwa na belti ya injini. Tabo nimeiogopa kwa sababu ya kupangua ekzosi na joto lote lile ndani ya bonneti, na pia napenda vile hii injini hupanda mzunguko bila kushtuka, sitaki nguvu ije kama teke.

Nimeangalia HKS GT2, nimeangalia Vortech, nimeangalia Kraftwerks ambayo inatumia kompresa ya Rotrex ya Denmark. Bei zote zinazunguka dola elfu 5 na kitu kabla hujalipa meli, ushuru na VAT ya asilimia 16, kwa hivyo nikikosea sina pesa ya kukosea mara ya pili. Moja inasema presha ya psi 8, nyingine inasema farasi hivi na vile, nashindwa kuzilinganisha. Naomba aliyewahi kuifunga huku kwetu anisaidie: ni gani itadumu, je intakuula (kipoza hewa inayotoka kwa kompresa) ni lazima, na petroli yetu itaiweza? Gari ni ya kila siku, natoka nayo Section 58 kwenda job, kila wiki mbili tatu naenda Kisumu, na Disemba huwa tunashuka Mombasa na wife.

---

Boxer_wa_Eldy, Eldoret

Niaje kaka. Mimi nitakuambia kile ningemwambia ndugu yangu, hiyo pesa ukiongeza kwa bei ya 86 unapata WRX safi, ile Subaru ya tabo, na inabaki ya kubadilisha klachi. Najua umesema huuzi lakini fikiria hili jambo moja, tabo ikifika huku juu kwetu mita 2,100 hewa ni nyepesi lakini kompyuta inafunga westigeti (mlango wa kupitisha moshi pembeni ya tabo) kwa muda zaidi na tabo inazunguka haraka zaidi hadi ifikie presha iliyoambiwa, kwa hivyo inalipa sehemu kubwa ya kile mlima umechukua. Belti haina hiyo akili, imefungwa kwa mzunguko wa injini basi. Nimepanda Timboroa mara nyingi na Forester ya tabo ikiwa imejaa familia na mizigo na sijawahi kulia.

Lakini kama moyo uko kwa 86 uko kwa 86, naelewa, hiyo gari ukiikalia huwezi kulinganisha na Forester. Ngoja mafundi wafike.

---

Fundi_Mamboleo, Kisumu

Nax86 pole kwa kusubiri, nilikuwa chini ya gari hadi saa hizi. Nimesoma swali lako mara mbili na naona umelianzia mkiani. Unauliza seti gani, mimi nakuuliza kwanza gari inalala wapi na inaenda wapi, kwa sababu hizo psi 8 umeona kwa tangazo ni za mtu aliye karibu na usawa wa bahari na wewe uko mita 1,850 hivi.

Tufanye hesabu pamoja. Mombasa hewa yenyewe inasukuma psi 14.7. Nakuru ni kama 11.8. Huku kwetu Kisumu, mita 1,130, ni kama 12.8. Kwa hivyo gari yako ya farasi 200 ikiwa Nakuru inavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 20, yaani kila siku unaendesha gari ya farasi 160 na kitu. Injini haina ugonjwa wowote. Ukifika Mau Summit uko juu ya mita 2,400, hapo ni mbaya zaidi, ndio maana lori linakushinda kupita.

Sasa sikia vizuri hapa. Supachaja ya belti haikuletei psi 8 popote ulipo, inachofanya ni kuzidisha hewa iliyoikuta. Psi 8 Mombasa maana yake ni 14.7 jumlisha 8 gawanya kwa 14.7, inazidisha mara 1.54. Hiyo hiyo ukiileta Nakuru inachukua 11.8 yako inazidisha mara 1.54 inapata 18.2, toa 11.8, geji inakuonyesha psi 6.4. Hapo ndipo watu hukasirika wakidhani wameuziwa kitu feki, wanatafuta puli ndogo ili kompresa izunguke haraka warudishe ile 8. Inawezekana, utaiona 8 kwa geji Nakuru, lakini sasa unazidisha mara 1.68. Ukishuka Kisumu geji inasema 8.7. Disemba ukifika Mombasa na wife geji inasema 10, kwa injini iliyotoka kiwandani na kompresheni ya 12.5 kwa 1, kwa petroli ya Super ya kawaida, na kule ni joto. Hii injini Wajapani waliitengenezea petroli ya hai-oku, ile ya kwao inauzwa ikiwa oktani 100, na oktani ikiwa juu petroli haigongi haraka. Yetu haifiki hapo. Kuna kiwanda cha spiriti hapo Muhoroni kinachotumia molasi na kila mwaka kuna kijana ananiuliza kama anaweza kuchanganya, tafadhali usijaribu, huko Marekani wana petroli ya ethanoli pampuni na gari imetuniwa kwayo, yaani kompyuta ya injini imepangwa upya, sisi hatuna.

Joto pia. Hewa ikibanwa inapata moto, hiyo haikwepeki. Hewa ya nyuzi 25 ikizidishwa mara 1.54 inatoka kwa kompresa ikiwa karibu nyuzi 80. Ukizidisha mara 1.68 inakaribia nyuzi 93. Hewa ya moto namna hiyo ikiingia kwa silinda petroli inawaka kabla ya wakati, ndio kule kugonga kunakovunja kingo za pistoni. Kwa hivyo intakuula kwako ni lazima, na uliza vizuri kabla hujalipa, kwa seti nyingine inauzwa kando na bei umeona haijaihesabu. Na ujue huku juu hewa nyepesi inapoza radieta na intakuula kidogo kuliko kule chini, kwa hivyo usichukue ile ndogo eti kwa sababu Nakuru ni baridi.

Halafu nikuambie ukweli kuhusu lile shimo la 3,500, kwa sababu nadhani ndilo linakusumbua kuliko farasi. Sentrifugali presha yake inapanda kama mraba wa mzunguko. Kama ni psi 8 kwa 7,400 rpm, basi kwa 3,700 utapata kama 2, na Nakuru hata hiyo 2 haifiki. Shimo litapungua lakini halitajaa. Linalosaidia pale ni manifoldi ya ekzosi iliyochorwa vizuri na tuni, na hivyo viwili ni bei nusu au robo ya supachaja. Kama unachotaka hasa ni nguvu ya chini ya kupita lori bila kushusha gia, basi angalia zile supachaja za rota zinazokaa juu ya injini, Edelbrock, Harrop na Sprintex walitengeneza za 86, hizo zinakupa presha kutoka chini kabisa. Lakini umesema unapenda injini ipande pole pole na sauti yake, na kama mlimani uko tayari kushika 5,000 na gia ya tatu, sentrifugali itakufurahisha sana.

Kuhusu majina. Vortech inatumia meno ya gia ndani, ni ngumu na inasikika, na kuna aina mbili, moja inakunywa oili ya injini kwa hivyo unatoboa sampu ili irudi, nyingine ina oili yake ndani. Ukichukua Vortech chukua ya oili yake. Rotrex na HKS hazina meno, ni roli laini zinazosukumana kwa kushikana kupitia filamu ya oili, kwa hivyo ni kimya, lakini hiyo oili ni maalum na ndiyo inayoshikisha roli, ukiweka ATF (oili ya gia otomatiki) au ya gia boksi kwa sababu yake imekosekana umeua kompresa. Impela za Rotrex nyingine zinapita mzunguko laki moja kwa dakika, hapo hakuna cha kubahatisha. Agiza chupa mbili za ziada siku ile ile unayoagiza seti, zije na meli moja.

Mimi kwa gari yako ningechukua ya roli laini, Rotrex au HKS, yenye intakuula ya mbele, puli ileile iliyokuja nayo, nisiiguse. Nakuru utapata kama psi 6, utarudishiwa farasi wote mlima uliokunyima na wengine juu yake, na Mombasa itafika 8 ambayo ndiyo waliopima wenyewe. Mtu wa kutuni mwambie wazi kwamba gari inashuka pwani.

---

Nax86, Nakuru

Fundi asante sana, nimekaa na hiyo hesabu na kalamu usiku mzima. Sikuwa najua kabisa hilo la kuzidisha, na kusema ukweli nilikuwa nimeshaongeza puli ndogo kwa oda. Nimeitoa.

Swali moja, tuni nitafanyia wapi? Nimeambiwa Nairobi kuna dino (mashine ya kupima nguvu ya gari) na wanatumia EcuTek, programu ya kutuni. Sasa ikituniwa Nairobi si ni karibu sawa na Nakuru, halafu Mombasa itakuwaje?

---

Auma_Z33, Kisumu

Kaka Nax, hapo kwa tuni ndio naomba uniskize mimi kwa sababu nililipa hiyo karo.

Nina Fairlady 350Z, VQ35, na niliwekewa supachaja ya sentrifugali iliyotoka Japan ikiwa imetumika, sio moja ya hizo tatu ulizotaja. Nilifunga kwa gareji moja ambayo siwezi kuitaja, wakatuni Nairobi, geji ikasema 7 na gari ilikuwa tamu, nilirudi Kisumu kupitia Kericho nikiwa nimefungua dirisha nisikie ile sauti tu. Kisumu hakukuwa na shida. Nilikaa nayo miezi minne nikijua mambo yameisha.

Halafu tukaenda Mombasa. Fundi ameshakufanyia hesabu, ile 7 ya Nairobi kule chini ilikuwa inaenda 8.5, na uzito wa hewa unaoingia kwa injini ni kama asilimia 20 zaidi ya ule waliotunia. Tuni yangu ilikuwa haijawahi kuonyeshwa hiyo hewa. Kule juu kwa jedwali la petroli na taimingi (wakati wa cheche) walikuwa wameacha namba za kukisia tu kwa sababu dino ya Nairobi haiwezi kufika pale. Tulipita Voi vizuri, karibu na Mariakani nikakanyaga kupita basi nikasikia kama kokoto ndani ya mkebe, sekunde mbili tatu hivi. Nikaachilia. Ilikuwa imechelewa, silinda mbili zilikuwa zimevunja kingo za pistoni, moshi wa samawati hadi nyumbani kwa shangazi yangu Bamburi. Gari ilirudi juu ya lori. Nililia, sioni haya kusema, hiyo gari niliinunua na pesa ya kazi yangu ya kwanza.

Kwa hivyo nakuomba hivi. Mwambie mtu wa kutuni aache nafasi kule juu, yaani taimingi irudi nyuma na petroli iwe nyingi zaidi kwa presha ambazo Nairobi hamtazifikia, hata kama kwa karatasi inaonekana ni kupoteza farasi. Ukipata nafasi shuka Kisumu kwanza kabla ya Mombasa, na laptopu, urekodi logi (namba za sensa za injini) ukiwa gia ya tatu mahali salama, umtumie aangalie kama sensa ya kugonga inavuta taimingi. Kisumu ni kama theluthi ya njia ya kushuka pwani, ukiona dalili hapa usiende mbele. Faili iwe moja tu inayoweza bahari na mlima. Kuna watu watakuuzia faili mbili za kubadilisha ukifika Mtito Andei, mimi sizipendi, siku moja utasahau.

Weka geji ya presha na kipima mchanganyiko wa petroli mahali unaviona bila kugeuza shingo. Na kabla hujafunga chochote pima kompresheni ya silinda zote nne, kama moja iko chini usiendelee, rekebisha injini kwanza. Mimi sikupima.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu aliniambia ni breketi. Kompresa inaning'inia kwa breketi na belti inaivuta siku nzima. Yangu ilipata ufa kwa sababu boliti moja haikukazwa na torki renchi, belti ikaanza kukaa upande, ikawa inatupa vumbi jeusi kwa bonneti na kuteleza juu ya 5,500. Ukiona geji inapanda halafu inashuka ukiwa bado umekanyaga, hiyo ni belti inateleza, usiikaze tu uende, angalia puli zote zimenyooka kwa mstari mmoja. Hii barabara yetu ya Londiani ikiwa na vumbi na mvua kwa siku moja inakula belti.

Na bima, waambie kwa maandishi kabla. Wataongeza kidogo lakini utalala.

---

Boxer_wa_Eldy, Eldoret

Dada Auma pole sana, sikuwa nimesikia hiyo story yote. Nax mimi nanyamaza kuhusu WRX, naona uko kwa mikono mizuri. Ila nikuongezee moja, klachi. Ile ya kampuni kwa gari ya kila siku kwa mlima na nguvu mpya inaweza kuanza kuteleza, usishtuke, weka bajeti yake sasa. Na breki, pedi nzuri na maji mapya ya breki kabla ya supachaja, kutoka Timboroa kushuka si mchezo hata bila farasi za ziada.

---

Nax86, Nakuru

Nimeandika yote kwa daftari. Mpango umebadilika hivi: kwanza napima kompresheni wiki hii hapa Nakuru. Ikiwa sawa naagiza manifoldi na pedi za breki, natuni nazo, niendeshe miezi miwili nione lile shimo limebaki kiasi gani. Kama bado nahitaji, na moyo wangu unasema nitahitaji, nachukua ya roli yenye intakuula na puli ya kawaida, na oili chupa mbili. Mombasa Disemba hii tunaenda na SGR, gari ibaki nyumbani, wife amekubali haraka kuliko nilivyodhani.

Auma, belti ya akiba nitajuaje ni saizi gani? Kwa duka la spea huku wakikusikia supachaja wanakuangalia tu.

---

Auma_Z33, Kisumu

Usiwaambie supachaja. Ile belti itakayokuja na seti, geuza usome mgongo wake kabla haijafungwa, itakuwa imeandikwa kitu kama 6PK au 7PK halafu namba nne, hizo namba nne ni urefu kwa milimita na ya mbele ni idadi ya mifereji. Piga picha, kwa sababu ikishazunguka miezi mitatu maandishi yanafutika. Na hiyo namba unaenda nayo dukani kama mtu yeyote anayetafuta belti ya altaneta, watakupa. Nunua mbili, moja iwekwe kwa buti pamoja na spana ya kulegeza tenshona (inayokaza belti), na ujifunze kuibadilisha mwenyewe ukiwa nyumbani na mwanga, usisubiri uwe Londiani saa mbili usiku.

Ukishuka kurekodi logi niandikie hapa siku mbili kabla, barabara iliyonyooka isiyo na watoto wa shule naijua, laptopu ninayo, halafu tutapita Dunga tule samaki gari ikipoa.